Sitara ya Nani?

Watu wa visiwani hulelewa kwa tafsida. Mtoto hajamaliza kung'oa meno ya utotoni ameshajua kwamba aliyekufa "ametangulia mbele ya haki", aliyezaa "amejifungua", na mwanamke asiyeswali kwa siku kadhaa "yumo mwezini" na haulizwi. Hiyo ndiyo adabu ya ulimi, na washairi wa mwambao wameishi kwayo karne kwa karne: shairi la mapenzi linalotaja kila kiungo kwa jina lake halipati msikilizaji wa pili, ilhali fumbo lililofumbwa vyema huimbwa mpaka na watoto wasiojua wanaimba nini. Neno linalosimamia yote haya ni sitara. Sitara ni nguo, ni ukuta, ni kiza cha usiku, ni mume mwema, ni jirani anayejua na akanyamaza. Dua ya kumwomba Mola asitiri haikauki vinywani.

Sasa adabu hii na ifuatwe mpaka pahala ambapo shairi halifiki: barazani kwa sheha, kwenye kaunta ya kituo cha polisi, chumbani kwa daktari, na mwisho mbele ya hakimu. Anayeipeleka huko ni mwanamke aliyebakwa, au mtoto, au mama aliyemshika mtoto mkono. Tangu kuzaliwa amefundishwa namna ya kutosema. Leo anatakiwa aseme, tena mbele ya wanaume asiowajua, na kesi nzima itasimama au kuanguka kwa neno alilolisema na neno lililoandikwa. Mengi yamezungumzwa kuhusu rushwa, uhaba wa magari ya polisi na mashauri yasiyokwisha kuahirishwa, na yote ni kweli. Lakini liko jambo moja ambalo wapenzi wa lugha walistahili kulitambua kabla ya wanasheria, nalo ni kwamba dhuluma nyingi za vituoni hutendeka ndani ya sentensi.

Katika Zanzibar mlango wa kwanza wa Serikali ni sheha. Hachaguliwi kwa kura. Huteuliwa na mkuu wa mkoa. Aghalabu ni mtu mzima, mwenyeji, anayejua nani kaoa wapi na nani hazungumzi na nani. Ndiye anayemwandikia barua mtu anayetaka kitambulisho, ndiye anayesuluhisha ugomvi wa mipaka na wa mbuzi waliokula muhogo wa watu. Na achukuliwe mama yeyote wa shamba, Unguja au Pemba, anayefika kwake baada ya alasiri na buibui lililovaliwa haraka. Hasemi "mwanangu kabakwa". Husema, "Bwana Sheha, mwanangu kaharibiwa." Sheha anauliza na nani. Mama anataja jina, na jina hilo ni la mtu: mtoto wa ndugu wa mke wa sheha, au mwalimu wa chuo kilicho nyuma ya msikiti, au mwenye duka anayekopesha mtaa mzima mchele.

Hapo ndipo linapoingia neno la pili, muhali. Katika Kiarabu lilikotoka, muhali ni lisilowezekana kabisa. Visiwani limebadilika kidogo, na mabadiliko yenyewe ni kitabu kizima cha desturi: muhali ni lile linalowezekana lakini mtu haoni uso wa kulitenda, kwa sababu ya udugu, ujirani, chumvi iliyoliwa pamoja. Sheha anaona muhali. Anamwita mama "bi mkubwa", anamkaribisha kitako, anasema haya ni mambo ya kusitiriana, na kwamba atawaita wazee wa upande wa pili wakae wazungumze. Katika mazungumzo hayo huweza kutajwa fedha. Huweza kutajwa ndoa. Msichana mwenyewe hayupo. Yuko ndani, analala au anajifanya kulala.

Anayetaka kumlaumu mama kwa kwenda kwa sheha badala ya kwenda moja kwa moja polisi na akumbuke historia. Mwaka 1985 ilipitishwa Zanzibar sheria iliyokusudiwa, kwa jina lake, kuwalinda wanawake wasio na waume, nayo ikamfanya mwanamke wa namna hiyo anayepata mimba kuwa mkosaji wa kufungwa gerezani. Ilidumu miaka ishirini. Mwaka 2005 ilifutwa, na iliyoshika nafasi yake ikaweka kazi za kuitumikia jamii badala ya kifungo. Kwa kizazi kizima, basi, mimba ilikuwa ushahidi dhidi ya aliyeibeba, na aliyeipata kwa kubakwa alipaswa kwanza kuthibitisha kwamba yeye siye mshitakiwa. Sheria hufutwa kwa siku moja. Hofu iliyofundishwa na sheria huhama kutoka kwa mama kwenda kwa binti bila ya kupigiwa kura na Baraza lolote. Mwanamke aliyekuwa na miaka kumi na minane mwaka 1985 leo ni bibi, na ndiye anayeulizwa ushauri usiku ule wa kwanza.

Kwa mujibu wa sheria, shauri la kubaka ni jinai, wala sheha hana uwezo wa kulisuluhisha. Wako masheha wanaolijua hilo vizuri, wanaomwambia mama, "Mwanangu, hili halikai hapa," na wakatoka wenyewe kumsindikiza mpaka kituoni, wakijua kwamba Ijumaa ijayo watapewa mkono baridi msikitini. Watu hawa hawatajwi popote, na si haki kuwapita kimya.

Kituoni kuna lugha nyengine. Jeshi la Polisi ni la Jamhuri ya Muungano, ilhali sheria ya makosa na mahakama zinazoyasikiliza mwanzo ni za Zanzibar. Kwa hiyo askari aliyekaa nyuma ya kaunta aweza kuwa mzaliwa wa Songea au Musoma, na mwanamke aliyesimama mbele yake ni wa Makunduchi au Tumbatu, ambaye akibanwa na uchungu humtoka Kikae au Kitumbatu cha kwao. Wote wawili wanasema Kiswahili, na hapo ndipo penye hatari, kwani hakuna anayehisi haja ya mkalimani. Pembeni yupo aliyekuja kuripoti simu iliyopotea, mwengine amekuja kumdhamini nduguye, na vijana wawili wanagombania ajali ya vespa. Mama anaambiwa aseme kwa sauti. Ilikuwa saa ngapi? Ilikuwa wapi? Alivaa nini? Mbona hakupiga ukelele? Na kama alipiga, mbona hakuja mtu? Maswali mawili ya mwanzo ni ya upelelezi. Matatu ya mwisho ni hukumu iliyovishwa kanzu ya swali.

Kisha yanaandikwa maelezo. Mfano unaofuata ni wa kutunga, ila kila aliyepata kukaa mahakamani ataujua ukoo wake. Msichana wa miaka kumi na miwili anasema: "Kanivuta mkono, kanitia ndani, kanifanyia tabia mbaya. Nikalia, kaniziba mdomo." Askari anaandika: "Mnamo tarehe tajwa hapo juu nilikutana na mtuhumiwa na tukaingia ndani ya nyumba yake ambako alinifanyia kitendo cha ubakaji. Nilipiga kelele lakini hakuna aliyesikia."

Askari hakukusudia uovu. Amefunzwa kwamba maelezo yana lugha yake, na lugha hiyo ina "mnamo", ina "tajwa hapo juu", haina mtoto ndani yake. Lakini na itazamwe ile sentensi. Mkono uliovutwa umegeuka kukutana. "Kanitia" imekuwa "tukaingia". Mfasiri yeyote aliyepata kuhangaika na kitenzi cha Kiswahili anajua uzito wa silabi hizi. Katika "kanitia" mtenda ni mmoja na mtendwa ni mmoja, wamefungwa ndani ya neno moja na hawawezi kubadilishana nafasi. Katika "tukaingia" wote wawili ni watenda. Wamekwenda pamoja, kama wageni walioalikwa chakula. Mkono ulioziba mdomo umetoweka kabisa, na badala yake pamebaki ukelele ambao majirani wataulizwa kama waliusikia. Nao watasema kweli: hawakuusikia.

Maelezo husomwa, mlalamikaji huulizwa kama ndivyo, naye hutia saini au dole gumba. Mtoto anasema ndivyo. Ni mtoto gani atakayemwambia afande kwamba amekosea kuandika?

Mwaka mmoja au miwili baadaye msichana anasimama mbele ya hakimu na kusema aliyoyasema siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo yaliyotokea: alivutwa, alitiwa ndani, alizibwa mdomo. Wakili wa mshitakiwa anainuka na karatasi mkononi. Kwa heshima zote anamuuliza shahidi kama saini hii ni yake. Ni yake. Basi asome hapa: je, palisemwa "alinitia" au "tukaingia"? Palisemwa "aliniziba mdomo" au "nilipiga kelele"? Lipi la kweli, la siku ile au la leo? Wakili naye anafanya kazi yake halali, na mshitakiwa ana haki ya kutetewa. Lakini hitilafu anayoionyesha haikuwamo kinywani mwa msichana. Ilizaliwa kaunta.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi ukitazamwa msimamo wa Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, ambako rufaa za jinai za pande zote mbili za Muungano huishia. Tangu uamuzi wake mmoja wa mwaka 2006 Mahakama hiyo imekuwa ikikariri kwamba ushahidi bora wa kubakwa ni ule unaotoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Haulazimishwi umati wa walioona. Jambo la namna hii halina umati. Neno la mwenyewe, likiaminika, linatosha. Ni kanuni nzuri, na kwa sababu hiyo hiyo ni kanuni inayotisha, maana imeweka mzigo wote juu ya neno, na neno limewekwa mikononi mwa askari mwenye kalamu ya wino wa buluu na foleni mbele yake.

Isitoshe, katika muongo huo huo wa 2000 zilitoka hukumu zilizosema kwamba haitoshi shahidi kutamka tu kuwa alibakwa. Sharti aeleze, kwani kuingiliwa ndiyo nguzo ya kosa. Wako waliofungwa kisha wakaachiliwa kwa sababu faili zima lilikuwa na "alinibaka" pasi na maelezo zaidi. Mtu aweza kukasirika, lakini mantiki ipo: "alinibaka" ni hitimisho, na mahakama hutaka kisa ili ihitimishe yenyewe. Kisha, katika muongo wa 2010, Mahakama ya Rufaa ikapiga hatua ambayo haikushangiliwa na wapenzi wa Kiswahili kama ilivyostahiki. Ilikubali kwamba malezi, dini, umri, na hata watu waliomo chumbani humfanya shahidi atumie maneno ya kusitiri, na kwamba maneno hayo, yakichukuliwa pamoja na mengine yaliyosemwa, yanaweza kutosha. "Tabia mbaya" ya mtoto, "dudu" lake, "matusi" aliyofanyiwa, vyote hivyo vikawa na nafasi ndani ya sheria. Majaji walikiri kwamba tafsida ni lugha kamili na ina maana kamili kwa wanaoizungumza.

Matokeo yake ni ya ajabu. Maneno ya mtoto, yakiandikwa yalivyo, yana nguvu kuliko maneno ya askari. Aliyeondoa "kanifanyia tabia mbaya" akaweka "kitendo cha ubakaji", akidhani anampandisha mtoto daraja, amemnyang'anya kisa na kumwachia hitimisho. Kilichotakiwa ni kuandika "tabia mbaya", kisha kumuuliza kwa upole tabia mbaya ni nini, alifanya kwa kitu gani, wapi, akasikia nini, na kuandika hayo nayo kwa maneno yake. Ni dakika ishirini zaidi. Ni chumba chenye mlango.

Na kuna kivuko kimoja zaidi. Kwa miaka mingi mahakimu na majaji wa mahakama za juu waliandika kwa Kiingereza ushahidi waliousikia kwa Kiswahili, kwa mkono, papo hapo, bila ya kamusi. Tanzania Bara ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Mfasiri wa mashairi hukaa na beti moja wiki nzima na bado hana raha nayo. Hakimu alitakiwa afasiri machozi ya mtoto kabla shahidi hajavuta pumzi ya pili. Ni katika kumbukumbu hizo rufaa zilikuwa zikisomwa.

Ng'ambo ya Pemba, kuanzia Vanga na kwenda juu, Kiswahili cha magazeti na redio za Kenya kimetenga maneno mawili. Mtu mzima "hubakwa", mtoto "hunajisiwa". Hili la pili lilichukuliwa ili lifasiri istilahi ya sheria ya Kiingereza yenye maana ya kuchafua, na kwa mtafsiri wa haraka lilionekana linalingana. Lakini kila aliyesoma chuoni anajua najisi ni nini: ni mkojo, ni damu, ni kile kinachomtoa mtu katika tohara na kumzuia kuswali mpaka kioshwe. Aliyetenda ndiye aliyestahiki sifa hiyo. Sarufi imeivua kwake na kumvisha mtoto. Mtangazaji anapolisoma neno hilo saa moja ya jioni hana nia mbaya hata chembe, na bibi anayesikiliza jikoni anaelewa vyema kabisa: mjukuu wa watu sasa ni mchafu.

Kenya yenyewe inatoa mfano wa namna mashaka juu ya msemaji yalivyoweza kuingia hata katika sheria njema. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 ilipokelewa kwa furaha iliyostahiki, lakini ilikuja na kifungu cha 38 kilichosema kwamba atakayeonekana kutoa tuhuma za uongo ataadhibiwa kwa adhabu ile ile ya kosa alilolituhumu. Mwanamke aliyekuwa akienda kituoni alikwenda akijua kwamba ushahidi ukipotea mikononi mwa polisi, yeye ndiye atakayesimama mahali pa mshitakiwa. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 2012.

Mwaka uliofuata, tarehe 27 Mei 2013, Mahakama Kuu iliyokaa Meru ilitoa hukumu iliyogeuza meza. Meru si pwani, lakini kaunta za polisi zinafanana. Wasichana 11 walikuwa wamekwenda mahakamani, wala safari hii waliolalamikiwa hawakuwa waliowabaka, bali polisi na Serikali. Mahakama iliona kwamba polisi walikuwa wameshindwa kufanya upelelezi wa haraka na wa kitaalamu, na kwamba kushindwa huko kwenyewe kulivunja haki za watoto hao chini ya Katiba na kukajenga mazoea ya kuuvumilia ukatili. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ikafuata njia hiyo kuhusu ubakaji uliotendeka katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007: walalamikaji wanne waliamuliwa kulipwa shilingi milioni 4 kila mmoja, kwa kuwa Serikali haikupeleleza yaliyowafika. Kwa fikra za hukumu hizi, askari asiyeandika ametenda jambo. Washairi wanalielewa hili upesi kuliko wengine. Wao huhesabu hata mizani iliyokosekana.

Zanzibar nayo haikukaa bure. Mwaka 2011 kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, askari na mshauri hukutana pahala pamoja, na vyengine vikafuata, kama Chake Chake, Kivunge na Makunduchi. Madawati ya Jinsia na Watoto yaliwekwa vituoni. Mwaka 2018 zilipitishwa upya sheria ya adhabu na ya mwenendo wa jinai, na mwaka 2021 zikaanzishwa mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Faida ya Mkono kwa Mkono, kwa mtazamo wa makala haya, si dawa peke yake, ingawa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kila saa inayopotea kwa sheha ni moja katika hizo. Faida kubwa ni kwamba kisa husemwa mara chache. Zamani mtoto alikisema kwa mama, kwa sheha, kwa askari wa kaunta, kwa mpelelezi, kwa daktari mwenye fomu ya PF3, na kila mara kikatoka kimepunguka au kimeongezeka, kama kisa chochote kinachosimuliwa kwa watu walioshika kalamu.

Lakini kituo kiko mjini au njia kuu, na kabla ya kufika huko mama amekwishafanya lile alilolelewa kulifanya: amemkogesha mtoto. Amechota maji, amemsugua kwa upole, amefua nguo na kuzianika. Ndiyo sitara ya kwanza kabisa, ya huruma tupu, na maji yale yamekwenda na ushahidi. Daktari ataandika kwamba hakuona kitu. Hakuna aliyewahi kumweleza mama, si sheha wala redio kwa lugha anayoielewa, kwamba usiku ule tohara ingeweza kungoja.

Na neno lenyewe la kiserikali, udhalilishaji, halisaidii. Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa hesabu kila mwezi, na watoto ndio wengi katika waathirika wanaoripotiwa. Lakini chini ya mwavuli wa neno hilo wanakaa pamoja aliyetukanwa, aliyepigwa, aliyetelekezwa na aliyebakwa. Kudhalilisha ni kumfanya mtu dhalili, na hilo ni kweli kwa wote. Tatizo ni kwamba mtu akiisha kusikia "kesi ya udhalilishaji" bado hajasikia kitu. Limekuwa pazia safi, la ofisini, lisilomkera mtu yeyote anapokunywa chai.

Kuna pingamizi linalosikika sana barazani, na si la kupuuzwa: kwamba watu husingiziana, kwamba adhabu ya siku hizi yaweza kuwa kifungo cha maisha, na kwamba kijana wa watu asipotezwe kwa neno la mtoto. Ni kweli kwamba adhabu ikiwa nzito muhali nao huwa mzito, na ndugu wengi wanaomwomba mama aliache shauri hawamtetei mhalifu kwa kumpenda bali hawaoni watawezaje kutazamana na mamake. Hata hivyo aliyesingiziwa hana rafiki mkubwa kuliko maandishi yaliyo sahihi. Uongo ukiandikwa neno kwa neno siku ya kwanza hujitoa wenyewe. Ukifinyangwa na askari ukawa "kitendo cha ubakaji", hautofautiani tena na ukweli uliofinyangwa vivyo hivyo.

Limebaki jambo la wavulana, na lugha hapa imefilisika zaidi. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa 2011, uliwauliza vijana wa Zanzibar kama walipata kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban wasichana 6 na wavulana 9 katika kila 100 walisema ndiyo. Hesabu hii haikai kabisa katika mazungumzo ya barazani, ambako mtoto wa kike ndiye anayefichwa na wa kiume huachwa acheze mpaka isha. Msichana ana angalau "nimeharibiwa", neno baya lakini linalotamkika. Mvulana ana kitenzi cha sheria, kulawitiwa, ambacho asili yake ni jina la Nabii Lut na ambacho huja na watu wake wote walioangamizwa, ili mtoto wa miaka tisa awekwe miongoni mwao. Mengine yaliyobaki ni matusi, na atakayeyasema juu ya nafsi yake yatamganda kuwa jina la mtaani mpaka aoe. Lililo karibu zaidi na ulimi wake ni "kanipiga". Sheha au askari asiyeuliza la pili ataandika kwamba mtoto kapigwa, na shauri la watoto kupigwa humalizwa barazani kabla ya adhuhuri.